Gunia lina kituo kimoja cha mpaka, sampuli ya mtafiti haina

Machi 5, 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya (AFA) ilitoa barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kuingia nchini humo. Sababu iliyotajwa ni sumu ya ukungu iliyozidi kiwango. Mwenye lori lililokwisha kupakia alianza kuhesabu siku, mwenye mtaji wa mkopo alianza kuhesabu riba, na mwenye kinu upande wa pili akaanza kuulizia mahindi kwingine. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti cha nchi ulikotoka, na uwe na cheti cha ubora kinachoonyesha kuwa sumu haijavuka sehemu 10 katika bilioni.

Tangu siku hizo, namba 10 inajulikana Namanga, Holili na Busia kama inavyojulikana bei ya dizeli. Lakini wafanyabiashara wachache mno wameelezwa ilikotoka. Wengi huiona kama kizuizi kingine kilichobuniwa na wakubwa, sawa na mhuri uliokosewa au mizani isiyosoma vizuri. Ukweli ni kwamba chanzo chake kiko mbali na forodha. Kiko katika zaidi ya miaka 60 ya kazi ya maabara, kazi ya watu waliokaa mwaka baada ya mwaka wakitazama jinsi seli moja ya ini inavyogeuka kuwa saratani. Sehemu kubwa ya kazi ya namna hiyo duniani hufanywa na wanafunzi wa shahada ya uzamivu.

Ndiyo maana utafiti huo, unaosikika kama habari ya wasomi peke yao, ni habari ya soko. Na ndiyo maana wafanyabiashara wa mipakani wana haki, tena wana sababu, ya kudai ufanyike Afrika Mashariki na uvuke mipaka kwa urahisi kama gunia linavyotakiwa kuvuka.

Sumu yenyewe Tanzania huitwa sumukuvu. Kenya na Uganda wengi husema aflatoksini. Hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Ilianza kufahamika mwaka 1960, pale zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Wataalamu waliofuatilia vifo hivyo waligundua ukungu uitwao Aspergillus flavus, na jina la sumu likatokana na jina la ukungu huo. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu moja tu. Kwa lori la tani 30 ni chini ya theluthi ya gramu, kiasi kidogo kuliko chumvi inayoshikwa kwa vidole viwili. Haionekani kwa macho, na kuchemsha ugali hakuiondoi.

Wakazi wa Afrika Mashariki wameiona ikiua haraka. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Watafiti walipochukua bidhaa za mahindi katika masoko 65 ya eneo hilo, zaidi ya nusu zilizidi sehemu 20 katika bilioni, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara, Tanzania, wagonjwa walikuwa 68 na waliokufa 20. Vifo vya namna hiyo huandikwa magazetini kwa sababu hutokea kwa mpigo. Mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka 20 haandikwi popote. Huyo hufika hospitali tumbo limejaa maji na macho ni ya njano, na daktari humwambia kuwa ini limeota uvimbe. Hakuna anayemuuliza alikula unga wa wapi.

Hapo ndipo mtafiti wa seli anapoingia. Ini ndilo linalopokea sumu zote zinazoingia kwa chakula na kujaribu kuzigeuza ili zitoke mwilini. Likiigeuza sumukuvu, njiani hutokea kitu kikali zaidi ya sumu yenyewe, nacho hunasa kwenye DNA, maandishi ya vinasaba yanayoiambia seli cha kufanya. Seli ikigawanyika kabla ya kurekebisha palipoharibika, kosa hunakiliwa na kurithiwa na seli zote zitakazotokana nayo.

Si kila kosa huleta saratani. Ndani ya seli kuna jeni iitwayo TP53, inayotengeneza protini ya p53. Mwenye kuvuka mipaka anaweza kuielewa protini hiyo kama ofisa wa ukaguzi mwaminifu. Seli yenye DNA iliyoharibika huisimamisha. Ikirekebishika, huiachia, isiporekebishika, huiamuru ife. Saratani hupata nafasi pale ofisa huyo mwenyewe anapoharibiwa, na kila kilichoharibika kinapita bila kuguswa.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalichapisha katika jarida la Nature jambo lililowashangaza wengi. Moja lilichunguza uvimbe wa ini wa wagonjwa wa Qidong, China, jingine la wagonjwa wa kusini mwa Afrika, sehemu ambazo watu hula chakula chenye sumukuvu nyingi. Yote mawili yalikuta jeni ya TP53 imeharibika mara nyingi mahali palepale, nafasi ya 249, ambapo herufi moja tu ya DNA imebadilika. Ilikuwa kama sumu imeacha mhuri wake kwenye seli. Mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi Gambia walionyesha kuwa mhuri huo unaweza kusomwa hata katika damu: zaidi ya theluthi ya wagonjwa wa saratani ya ini waliopimwa walikuwa nao, ilhali kwa watu wasio na ugonjwa ulionekana kwa wachache.

Kuna na jambo la pili linalomgusa kila anayeishi katika ukanda huu. Utafiti uliofuatilia zaidi ya wanaume 18,000 wa Shanghai, China, ulionyesha kuwa hatari ya saratani ya ini kwa aliyekula sumukuvu ni takriban mara 3, kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ni mara 7, na kwa mwenye vyote viwili ni karibu mara 60. Virusi hivyo vimeenea Afrika Mashariki. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima wengi wanaobeba mizigo, kuendesha malori na kuuza sokoni leo walizaliwa kabla haijafika.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika historia hii. Katika miaka ya 1966 na 1967 sampuli 480 za vyakula zilikusanywa Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kuwa chakula kilikuwa na sumu zaidi kule ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi. Mwaka 1973 watafiti walichapisha kazi iliyofanyika Murang'a, Kenya, ikilinganisha chakula cha watu wa nyanda za chini, za kati na za juu. Picha ilikuwa ileile: sumu ikizidi, saratani ya ini nayo huzidi. Lakini wakati huo hapakuwa na njia ya kusoma jeni. Njia ilipopatikana, vipimo vilivyojibu swali vilitoka China, kusini mwa Afrika na Gambia.

Hata pale kitu kilipotoka Afrika Mashariki, sifa na ujuzi vilikwenda mbali. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Vipande vya uvimbe vilianza kupelekwa London kwa ndege. Desemba 1963 ndege iliyobeba kimojawapo ilikuta ukungu wa hewa London, ikageuzwa hadi Manchester, na mzigo ukafika umechelewa. Maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilidhaniwa umeharibika. Ulipotazamwa kwa darubini, uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani zinazoelea, na ndizo zilizowezesha kugunduliwa kwa kirusi cha kwanza kinachohusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hicho kinabeba majina ya Anthony Epstein na Yvonne Barr. Barr alikuwa mtafiti kijana aliyepata shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha London mwaka 1966. Mzigo ulitoka Kampala; shahada, maabara na mkondo wote wa watafiti waliofuata vilijengwa London.

Mfanyabiashara anaijua biashara ya namna hiyo. Ni kuuza korosho ghafi na kununua korosho iliyobanguliwa.

Jumuiya imeliona hilo, angalau kwenye karatasi. Mwaka 2014 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki katika sayansi ya tiba, kila nchi na fani yake: Kenya figo na njia ya mkojo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, na Uganda saratani, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza Mulago mwaka 1967. Wazo ni zuri. Badala ya kila nchi kuwa na maabara nusunusu, moja inakuwa kamili na nyingine zinapeleka wanafunzi wao huko, pamoja na maswali yao.

Tatizo ni kwamba maswali hayavuki kwa urahisi. Fikiria mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kujua jambo moja tu: je, wagonjwa wa saratani ya ini wanaotoka pande mbili za mpaka wa Busia wana ule mhuri wa nafasi ya 249, na mahindi wanayokula yana sumu kiasi gani? Wagonjwa ni wa ukoo mmoja, soko ni moja, unga ni mmoja. Lakini kwa kazi hiyo anahitaji idhini ya maadili ya utafiti Kenya na nyingine Uganda, kibali cha utafiti huku na kingine kule, kisha makubaliano rasmi ya kuhamisha damu kutoka nchi moja kwenda nyingine. Muda wa shahada yake ni miaka mitatu au minne, na hausimami wakati makaratasi yako mezani kwa mtu.

Lori la mahindi lina kituo cha pamoja cha mpaka Busia, Malaba, Namanga na Holili. Maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na gari hukaguliwa mara moja. Wafanyabiashara wanajua vituo hivyo vina kasoro zake, lakini wanaokumbuka hali ya zamani hawatamani kurudi. Kichupa cha damu cha mtafiti hakina kituo cha namna hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye busara huchagua swali dogo lisilovuka mpaka, na jibu analopata huwa la nchi moja, ilhali sumu haina nchi.

Suluhisho halihitaji taasisi mpya. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala. Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ipo Bujumbura. Vyombo hivyo viwili, pamoja na mamlaka za utafiti za nchi wanachama, vinaweza kukubaliana juu ya kibali kimoja kwa utafiti wa uzamivu unaogusa nchi zaidi ya moja: ombi moja, ukaguzi wa pamoja, muda wa mwisho wa kujibu. Kinachokosekana ni mtu wa kulipigia kelele. Wanafunzi ni wachache na hawana sauti. Wafanyabiashara ni wengi na wana vyama.

La pili ni fedha. Anayeingiza nafaka tayari hulipia vipimo na vyeti. Hakuna sababu ya kubuni tozo nyingine, kwa maana zilizopo zinatosha kumchosha mtu. Lakini sehemu ndogo ya kinacholipwa tayari inaweza kugharimia wanafunzi kadhaa wa uzamivu kila mwaka kwa sharti moja: kwamba maswali yao yatoke mpakani. Kipimo gani cha haraka hutoa jibu lilelile Arusha na Nairobi? Lori lenye magunia 300 lichomwe bambo mara ngapi ili jibu liaminike, ikizingatiwa kuwa sumu hukusanyika kwenye punje chache na gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani yake likawa limeoza? Mahindi yenye sumukuvu pamoja na sumu nyingine za ukungu hulifanya nini ini la mtoto?

Hayo si maswali ya anasa. Mwenye shehena iliyopita maabara ya upande mmoja na kukataliwa upande wa pili anajua gharama ya kutokuwa na jibu.

Wapo watakaosema sayansi hiyo ndiyo iliyotumika kuwafungia mpaka. Malalamiko hayo yana msingi. Mwaka 2021 walikuwapo walioona kuwa zuio lilikuwa la kulinda bei ya mahindi ya ndani kuliko kulinda ini la mlaji, na wakati huohuo mahindi yaliyolimwa Kenya kwenyewe hayakuwa salama kuliko ya jirani, kama Makueni na Kitui zilivyokwisha kuonyesha. Lakini anayenyimwa haki kwa kipimo hajiokoi kwa kukataa vipimo. Hujiokoa kwa kuwa na kipimo chake, kinachoaminika pande zote. Nchi ambayo haina watafiti wa kutosha hukubali neno la mwenye nao. Jumuiya yenye watafiti wa pamoja inaweza kusema kwa takwimu: mahindi haya ni safi, fungua geti.

Wapo pia watakaosema kuwa wenye njaa hawasubiri shahada ya mtu. Qidong inatoa jibu. Kuanzia miaka ya 1980 watu wa eneo hilo walianza kula wali zaidi na mahindi machache baada ya sera za chakula kubadilika. Watafiti waliofuatilia kwa miongo waliona sumukuvu mwilini ikipungua, na vifo vya saratani ya ini vikapungua hata kwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo. Bila watu waliokuwa wamehifadhi damu na kuhesabu wagonjwa mwaka hadi mwaka, hakuna ambaye angejua kwamba badiliko la chakula liliokoa maisha. Afrika Mashariki haitaacha ugali. Kwa hiyo inalazimika kujua zaidi kuliko Qidong jinsi ya kuufanya ugali uwe salama.

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao wafanyabiashara hawapendi kuuzungumza, na ni lazima usemwe. Shehena ikikataliwa kituoni, mara nyingi haitupwi. Mtaji wa mtu umo ndani. Hugeuzwa, hupita njia za panya usiku kwa baiskeli na bodaboda, huchanganywa na mahindi mazuri, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mwenye kinu cha mtaani. Unga huo hauendi kwa tajiri wa Nairobi au Kampala anayenunua pakiti yenye nembo ya ubora. Huliwa Busia, Namanga, Sirari, Mutukula. Huliwa na makuli waliopakua magunia, na watoto wa shule zilizo karibu na mpaka, na mara nyingine nyumbani kwa mwenye mzigo mwenyewe. Kila serikali inayoweka kiwango bila kusema gunia lililoshindwa litanunuliwa na nani, kwa bei gani na litumike wapi, inahamisha sumu kutoka sahani moja hadi nyingine. Hilo nalo ni swali la utafiti, na mwenye shehena ndiye anayelijua jibu kuliko profesa yeyote.

Wakati madai hayo yanapelekwa, yapo yasiyosubiri mtu. Mahindi yakaushwe hadi yafike asilimia 13.5 au chini, na yapimwe unyevu kabla ya kununuliwa, si kwa kung'ata punje. Yasianikwe kwenye udongo mtupu. Magunia yakae juu ya vichaga, mbali na ukuta. Punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi ziondolewe kabla ya kupakia. Turubai lisilovuja lina thamani kuliko safari moja ya haraka. Na mtu mzima ambaye hajawahi kupimwa homa ya ini aina ya B aende akapimwe, na kama hana virusi aulize chanjo.

Mahindi ya msimu ujao yataanza kuvuka muda si mrefu, na bambo litachomwa kwenye gunia lilelile lililochomwa miaka yote. Viongozi wa vyama vya wafanyabiashara watakapokaa tena mezani na maofisa wa Jumuiya, orodha ya malalamiko itakuwa ndefu kama kawaida: mizani, vizuizi, vibali, rushwa. Waongeze mstari mmoja. Wadai kwamba kijana anayesomea saratani Kampala aweze kuchukua damu Busia ya Kenya na mahindi ya Mbeya bila kupoteza mwaka wa masomo yake, na kwamba akimaliza arudi kituoni kuwaeleza, kwa Kiswahili, alichokikuta.